Maswali ya Wasomaji: Miguu Isiyouma, Insulini Bila Friji na Ugali wa Wimbi

Barua za safari hii, zote kuhusu kisukari, zimetoka Nakuru hadi mpakani Busia. Wengi walioandika wanapima sukari yao kwa jinsi wanavyojisikia, na majibu yetu mengi yanapingana na mazoea hayo.

Nimeishi na kisukari miaka minane. Miguu ilikuwa ikiniwaka moto usiku hadi natupa shuka kando. Tangu mwaka jana haiwaki tena. Jirani ananiambia mishipa imepona. Mimi hulima mpunga, na shambani naingia miguu mitupu. Je, niko sawa?
*Mkulima, Ahero*

Mzee wetu, usishangilie kabla ya kujipima. Moto huo ukizimika, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama sukari imekaa vizuri kwa muda mrefu na neva zimetulia, ama neva zimekufa na hazipeleki tena habari yoyote kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha, na zilizo ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni mwa miguu, ndizo hutangulia kuharibika. Hujasema sukari yako imekuwa ngapi mwaka huu, kwa hiyo chukulia jibu ni la pili hadi kipimo kikuoneshe vingine.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichogharimu kitu. Vua soksi, lala, fumba macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi kabisa na kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha kati, kisha kile kidogo, mguu mmoja baada ya mwingine. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Asibonyeze, asipapase, na pale ulipokosa asirudie. Akibonyeza utahisi uzito wa kidole badala ya mguso, na mtadanganyana. Ukikosa mara mbili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua. Nenda kliniki wakakupime kwa ule uzi maalumu unaobonyeza ngozi kwa nguvu ya gramu 10, na uwaulize pia kuhusu vitamini B12 ikiwa umemeza vidonge vya kisukari vya metformin kwa miaka mingi. Dawa hiyo huweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu wake nao huleta ganzi, ila huu unatibika kwa sindano au vidonge.

Sasa shamba. Mguu usio na hisia hauingii majini mtupu. Mwiba, kigae au bua la mpunga litakuchoma asubuhi, nawe utakuja kuona damu jioni, ukiona. Vaa gambuti (itakukinga na kichocho pia), lakini gambuti yenyewe ina hatari zake. Ikibana inachubua. Maji yakiingia, ngozi inalainika na kupasuka katikati ya vidole, na hapo ndipo fangasi na vijidudu hupita. Kwa hiyo beba jozi mbili za soksi za pamba, ubadilishe saa sita mchana, na kabla ya kuvaa geuza gambuti juu chini uikung'ute, kisha uingize mkono ndani upapase. Mkono bado una hisia ambazo mguu umepoteza. Zimewahi kukutwa kokoto, vifuniko vya soda, hata msumari, na mwenye mguu ametembea navyo siku nzima.

Ukinunua viatu, nenda jioni, maana miguu huvimba kidogo kufikia saa hizo. Nyumbani simama juu ya karatasi ngumu, uchore mguu kwa kalamu, uikate ile picha. Dukani itie ndani ya kiatu: ikijikunja pembeni, kiatu hicho ni chembamba hata muuzaji akiapa. Watu wenye ganzi hupenda viatu vinavyobana kwa sababu ndivyo pekee wanavyovihisi, na huo ndio mtego wenyewe.

Jioni osha miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, bila kuiloweka. Kausha katikati ya vidole. Paka vaselini juu na chini, ila si katikati ya vidole. Nyayo zitazame kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni. Sugu usizikate kwa wembe. Sugu ngumu yenye doa jeusi au la zambarau ndani yake mara nyingi ina kidonda chini, hata kama haiumi. Kidonda chochote kilicho wazi kisafishe kwa maji safi, kifunike kwa gozi kavu (kitambaa cha bandeji), usikikanyagie, na ufike hospitali kufikia kesho yake. Usitie jivu, unga wa betri, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake bila kidonda chochote, usikubali kuambiwa ni kuteguka tu. Huenda mifupa ya ndani inavunjika kimyakimya. Keti, usiukanyagie, utafutiwe gari siku hiyo hiyo.

Mama yangu anadunga insulini asubuhi na jioni. Hatuna friji, huwa tunaiweka kwenye friji ya duka la jirani au kabatini. Siku hizi sukari inapanda hadi 18 (kwa kipimo cha mmol/L) na dozi hatujabadilisha. Tumwongezee?
*Msomaji, Nyalenda, Kisumu*

Msimwongezee kwa kukisia. Kwanza ichunguzeni chupa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa huvumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kwa wiki nne hivi. Karatasi iliyo ndani ya paketi itawapa idadi kamili ya aina yenu. Chumba cha mabati Kisumu mchana hupita nyuzi 30 bila shida, na kabati lililoegemea ukuta unaopigwa na jua huzidi hapo. Friji ya duka nayo ina balaa lake: chupa ikisukumwa nyuma hadi kwenye barafu, ikaganda, imekwisha kazi. Ikiyeyuka itaonekana nzima, lakini itupeni.

Tena pigeni hesabu. Chupa ya mililita 10 yenye uniti 100 kwa kila mililita ina uniti 1000. Mama akitumia 30 kwa siku, itadumu siku 33, nayo muda wake unaisha siku ya 28. Zile siku za mwisho ndizo sukari hupanda na watu wakadhani ugonjwa umekaza. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe kwa kalamu isiyofutika, na mabaki myatupe bila huruma.

Kwa kuhifadhi, vyungu viwili vinatosha. Chukueni chungu kikubwa kisichopakwa rangi wala vanishi, mtie mchanga chini, muweke chungu kidogo ndani yake, nafasi ya pembeni mjaze mchanga. Mwagieni mchanga maji asubuhi na jioni, mfunike kwa kitambaa kibichi. Maji yakikauka kupitia udongo huondoka na joto. Chupa iwe ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko ili isilowe. Wekeni kivulini penye upepo. Mkikificha chungu chini ya kitanda mmekinyima kazi yake. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, hivyo Kisumu chungu hakitapoza kama kinavyopoza mahali pakavu, na siku za mvua kitasaidia kidogo tu. Tieni kipimajoto kidogo ndani msome saa nane mchana. Chupa ambazo hazijafunguliwa ni bora zibaki kliniki au kwenye friji ya kuaminika, nyumbani ikae moja tu.

Kama ya mama ni ile ya rangi ya maziwa, iviringisheni kati ya viganja mara 10 na kuipindua juu chini mara 10 kabla ya kuvuta. Msiitikise kwa nguvu. Ikibaki na mabonge au unga mweupe umeganda kwenye kioo, imeharibika. Ile ya maji maangavu ikipata ukungu, vivyo hivyo. Ila insulini iliyopigwa na joto yaweza kuonekana safi kabisa, ndiyo maana jaribio la kwanza ni kufungua chupa mpya na kupima sukari siku mbili tatu.

Kisha papaseni tumbo lake. Anayedunga mahali pamoja kila siku huota uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Pale hapaumi, kwa hiyo hupendwa, lakini insulini ikiingia humo hunyonywa ovyo. Ahame, na kila sindano iwe mbali na iliyotangulia kwa upana wa vidole viwili. Akihamia kwenye ngozi nzima insulini itafanya kazi vizuri zaidi na sukari yaweza kushuka ghafla. Ongeeni na muuguzi kuhusu dozi kabla ya kuhama, na mpime mara nyingi wiki hiyo. Akianza kutapika, kuumwa na tumbo au kupumua kwa kasi huku sukari iko juu, ni hospitali usiku huo huo.

Naendesha boda boda. Asubuhi nameza kidonge cha kisukari cha glibenclamide na chai ya rangi, kufika saa tano natetemeka na jasho linanitoka. Nanywa soda nzima na mandazi mbili, jioni mashine inasoma 16. Nifanye nini?
*Dereva, Nakuru*

Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na kazi yake hudumu karibu siku nzima. Kumeza na kuondoka bila kula ndiko kunakokuangusha. Kula kwanza chakula cha haja, ndipo umeze, na ukaombe kliniki ikupime figo. Zikichoka, dawa hii hubaki mwilini muda mrefu zaidi, na huenda daktari akaona heri akubadilishie.

Ukitetemeka, simamisha pikipiki na uondoe ufunguo. Pima: chini ya 4 ni sukari ya kushuka. Kama huna mashine, chukulia imeshuka. Unahitaji gramu 15 za sukari, yaani nusu ya soda ya mililita 300 au vijiko vinne vya chai vya sukari, visivyorundikwa, katika maji. Subiri dakika 15 ukiwa umeketi, upime tena. Bado chini ya 4? Rudia. Ikipanda, kula ndizi au kipande cha mkate. Mandazi haiokoi hapo mwanzo kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Soda nzima ina gramu 30 na zaidi, na ukiongeza mandazi mbili ndiyo hiyo 16 yako. Usipande tena hadi isome 5 na zaidi, na dakika 45 ziwe zimepita, kwa kuwa ubongo huchelewa kurudi kuliko damu.

Waambie wenzako wa stendi pia: ukizimia wasikumiminie soda mdomoni, itaingia mapafuni. Wakulaze ubavu, wakukimbize hospitali.

Kliniki walinikataza ugali mweupe. Nimehamia ugali wa wimbi na muhogo na uji wa wimbi kutwa mara tatu, lakini sukari haishuki.
*Mama wa Busia*

Mama, rangi ya ugali si kipimo. Gramu 100 za unga, uwe wa mahindi au wa wimbi, zina wanga wa gramu 70 hadi 75 hivi, na muhogo mkavu hupita hapo. Wimbi umeshinda kwa nyuzinyuzi na madini ya chokaa. Hilo lina faida, ila halikupi ruhusa ya kujaza sahani. Uji ndio mbaya zaidi kwako: unga laini, umeiva kwa maji mengi, unapita tumboni haraka, na mara nyingi umetiwa sukari. Mara tatu kwa siku ni mingi. Bakiza kikombe kimoja kisicho na sukari, au uache kabisa.

Ugali ulingane na ngumi yako, robo ya sahani. Robo nyingine omena, samaki au maharagwe. Nusu iwe mboga: mnavu, saga, kunde, mrenda, bila kuzamishwa kwenye mafuta. Kisha pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Ikipanda zaidi ya 3, punguza ugali kesho yake upime tena. Vijiti vya kupimia ni ghali, lakini viwili vilivyotumika hivi vinakufundisha kuliko kumi vya kubahatisha.

Macho yamefifia tangu nianze dawa mwezi uliopita. Ninunue miwani sokoni?
*Msomaji, Kakamega*

Usinunue sasa. Sukari ikipanda au kushuka sana, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na miwani ya leo haitakufaa baada ya wiki sita. Subiri sukari itulie. Ila uchunguzi wa ndani ya jicho usiuahirishe: kwa kisukari cha ukubwani hufanywa mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka, kwa sababu vijishipa vya nyuma ya jicho huvuja muda mrefu mtu akiona vizuri. Sabatia kule Vihiga wana hospitali ya macho, na Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia. Utatiwa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu saa kadhaa, basi nenda na mtu. Ukiona madoa meusi mengi ghafla au pazia upande mmoja, usingoje miadi.

Nguvu za kiume zimepungua. Ni sukari au ni umri? Kemisti wananiuzia vidonge.
*Mzee, Homa Bay*

Yaweza kuwa sukari: neva na mishipa ya damu ya huko huharibika kama ya miguu. Tena mishipa ya huko ni myembamba, ikiziba huenda ya moyo nayo imeanza, kwa hiyo pima presha na mafuta ya damu. Mpelekee daktari pia orodha ya dawa zako za presha, kwani baadhi huchangia. Vidonge hivyo huwasaidia wengi, lakini kama unatumia dawa ya maumivu ya kifua inayowekwa chini ya ulimi, usivimeze hata kimoja. Vikikutana, presha hushuka hadi kuua.