Bonsai na joto: maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Habari za kazi. Mi nipo Kigamboni, nina fikasi ya bonsai, yaani mti uliofanywa mdogo kwenye chungu, nilipewa zawadi, iko kwenye chungu kifupi cheusi hapo balkoni, jua la mchana linaipiga mpaka jioni. Tangu Januari inadondosha majani, nikimwagilia asubuhi ikifika saa nane mchana majani yashalala, nikiongeza maji ndo kwanza yanakuwa ya njano. Kuna anayeniambia niihamishie ndani kwenye AC, mwingine anasema niitie mbolea. Nisaidieni jamani, naipenda sana.

JIBU: Pole sana dada, ila usikate tamaa. Kwaruza kidogo gome la tawi kwa ukucha, ukiona kijani chini yake basi tawi hilo bado zima.

AC achana nayo, inakausha hewa na ndani mwanga hautoshi. Fikasi ni mti wa nchi za joto, nyuzi 32 za Dar ukiwa ardhini wala hausumbuki, shida ni hicho chungu. Udongo wenyewe viganja viwili, chungu cheusi kinavuta jua, halafu kimekaa juu ya sakafu ya saruji inayofukuta, kwa hiyo mizizi inaungua humo ndani na mzizi ulioungua haunywi maji hata umwage ndoo. Shika ubavu wa chungu saa nane mchana, kama mkono hauvumilii na mizizi haivumilii.

Leo leo kiinue kwenye matofali mawili hewa ipite chini, kisogeze kipate jua la asubuhi mpaka kama saa nne, baada ya hapo kivuli, au funga neti ya kivuli. Zungushia chungu kipande cha gunia lililoloweshwa, likikauka loanisha tena, kinapoa kweli.

Kumwagilia usifuate saa, fuata udongo. Chomeka kijiti cha mshikaki pembeni ya chungu, kiache dakika 10, kikitoka kimelowa usiongeze hata tone, kikitoka kinakaribia kukauka mwagilia mpaka maji yatoke matundu ya chini, subiri kidogo urudie. Majani yakilala mchana na udongo bado umelowa, dawa ni kivuli sio maji, na hiyo njano yako nahisi ndo imetokea hapo, maji yamezidi mizizi inakosa hewa, hebu angalia matundu hayajaziba. Ila udongo ukiwa mkavu kabisa mwagilia hata saa saba mchana, hayo maneno kwamba matone yanachoma majani yasikutishe. Mpira wa kumwagilia ukilala juani maji ya mwanzo yanachemka, yamwage pembeni kwanza. Na huku pwani visima vingi vina chumvi, ukiona ncha za majani zinakuwa kahawia kama zimeungua tumia maji ya mvua.

Mbolea subiri machipukizi mapya, na kubadili udongo au kupogoa sana usiguse mpaka mti upate nguvu.

SWALI: Asalaam aleikum. Mie niko Maskati, bonsai yangu ya junipa ilikufa kiangazi kilichopita na nilikuwa naimwagilia kila siku. Nataka kununua nyingine, nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Nikwambie ukweli, junipa usinunue. Ule mti unataka baridi ya kweli miezi kadhaa upumzike, huko hauipati, na Juni nyuzi zinapita 40. Chukua bogenvilia, au waridi la jangwani ambalo linaota lenyewe porini Dhofar, kusini mwa Oman, na hata huku kwetu Kenya na Tanzania, shina lake nene linatunza maji na linapendeza sana kwenye chungu kifupi. Na maji ya bomba huko kiangazi yanatoka moto kwa sababu tangi liko juu ya paa, kwa hiyo jaza ndoo usiku uiweke ndani, alfajiri ndo umwagilie kwa maji hayo.