Beko inaishiwa nguvu ikipata moto, mafundi wanakaza rilifu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina beko ya zamani, JCB 3CX, naikodisha kuchimba misingi na mitaro huku Buhongwa. Asubuhi inapiga kazi vizuri, ila baada ya saa moja hivi mkono wa nyuma unalegea kabisa, na baketi ya mbele inapanda kwa kusuasua. Fundi wa kwanza alikaza rilifu, ile valvu ya kuachia presha, nguvu ikarudi siku mbili tu. Wa pili anasema tuchanganye oili ya gia namba 90 ili iwe nzito. Wa tatu anataka ninunue pampu. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Buhongwa

JIBU: Ndugu yangu, watatu wote wamekuandikia dawa na hakuna aliyepima. Huyo wa pampu anaweza kuwa sahihi, lakini kwa kubahatisha, na pampu si kitu cha kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Wa kwanza ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu wenzake wamejaa kuanzia Igoma hadi Usagara, kila mmoja na spana yake mfukoni. Wanaamini rilifu ndiyo inayozalisha nguvu. Haizalishi chochote! Pampu inasukuma oili, presha inajengeka oili inapokutana na mzigo. Kazi ya rilifu ni kufunguka presha ikifika kiwango alichoweka mtengenezaji na kuirudisha oili kwenye tenki. Kama mashine yako ikipata moto haifiki hata kiwango hicho, kukipandisha kunasaidia nini? Siku zile mbili labda uchafu ulisogea kwenye valvu, au mlipata udongo laini.

Hasara inakuja asubuhi, oili ikiwa bado nzito na pampu bado inafunga vizuri. Hapo presha inapanda kupita kiwango. Na kwetu Mwanza hujachimba sana umeshagonga jiwe. Opareta naye hakubali kushindwa, analisukuma. Rilifu iliyowekwa sawasawa ingeachia. Iliyokazwa inang'ang'ania, na kinachoachia badala yake ni mpira wa haidroliki, sili ya jeki inayosukuma mkono, au mkono wenyewe kuchanika kwenye maungio ya kuchomelea.

Kwa kuwa mbele na nyuma vyote vinalegea, tatizo liko kwenye kitu kinachotumiwa na pande zote mbili: oili, njia ya kuvuta, pampu au rilifu kuu. Ungekuwa mkono wa nyuma peke yake ningekuambia habari za sili za jeki. Anza na vya bei ndogo. Oili ikitoa povu, kuna hewa inaingia, mara nyingi kwenye mpira wa kuvuta uliochoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji, imwage yote. Safisha kipozeo cha oili, vumbi la moramu huwa limeziba kila tundu. Badilisha filta.

Kuhusu namba 90: oili ya haidroliki namba 46 ina uzito huo kwenye nyuzi 40 tu. Ikifika nyuzi 100, hiyo 46 inabaki kama 7. Ndiyo maana pampu iliyolika inajificha asubuhi na kuumbuka mchana. Oili ya gia haikutengenezwa kwa mfumo huu. Asubuhi pampu itahangaika kuivuta, na kuhangaika huko kunaila haraka zaidi. Weka namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Kisha tafuta fundi mwenye geji ya kupimia presha. Airudishe rilifu kwenye kiwango cha kitabu, apime mashine ikiwa baridi na tena ikiwa moto, kwa mizunguko ya injini iliyotajwa humo. Presha ikishuka sana kwenye moto, kuna mahali oili inavuja kwa ndani. Hata hapo geji peke yake haitoshi kuihukumu pampu. Apime pia mtiririko wake, maana valvu za leva nazo hulika.

Na wewe unayewaza kununua beko iliyotumika: muuzaji akikuonyesha mashine baridi, kataa. Ifanye kazi saa nzima, ndipo upime. Wengi wamenunua rilifu iliyokazwa wakidhani wamenunua mashine yenye nguvu.

Mipira ya mashine zilizokazwa namna hiyo hutoboka tundu dogo lisiloonekana, na nimeona mafundi wakilitafuta kwa kupapasa na kiganja huku injini inaunguruma. Presha humo inazidi bar 200. Inapenyeza oili chini ya ngozi kupitia kitundu kinachofanana na cha sindano, na mwanzoni hata hakiumi sana. Tumia kipande cha kadibodi. Ikikuchoma, usikamue wala usisubiri kesho uone kama itavimba. Nenda hospitali ya Bugando saa hiyohiyo, na mwambie daktari ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, maana kidonda hicho kinahitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa upasuaji.