Mgao wa kikoba umekaribia? Acha kuhesabu faini kwa kidole

Wiki hii msomaji kaniandikia: "Dada, mimi ni mhazini wa kikoba chetu, mgao ni mwezi ujao, nina shiti ya Excel ya mistari karibu mia nne na nahesabu faini kwa kidole. Nisaidie." Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Najua kinachomsubiri.

Kwetu mgao wa mwaka juzi uliisha kwa kununiana. Hesabu zilikuwa sawa na sanduku lilikuwa na kufuli zake tatu. Lakini mwanachama akiuliza "faini jumla shilingi ngapi?" nawe ukaanza kufunua madaftari, machoni pa watu umeshakula. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba ndiyo maana nyumba yangu imepakwa rangi. Rangi ile alinunua mume wangu! Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Mwaka huu swali lilelile liliulizwa, na jibu likatoka muulizaji hajakaa vizuri. Yule mama alikuwepo, alikuwa anatazama simu yake.

Sasa sikiliza. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Safu A weka tarehe, B jina, C aina ya malipo, D kiasi. Kila malipo na mstari wake. Usichanganye hisa na faini eti kwa sababu mtu katoa noti moja. Pembeni, kuanzia F2 kushuka, andika Hisa, Jamii, Marejesho, Faini. Halafu G2:

=COUNTIF($C$2:$C$400,F2)

Hiyo inakwambia aina hiyo imelipwa mara ngapi. Kiasi chake kinakuja H2:

=SUMIF($C$2:$C$400,F2,$D$2:$D$400)

Vuta zote mbili hadi chini. Alama za dola zinashikilia eneo lisihame unapovuta, usizifute. Excel ikigoma, jaribu nuktamkato badala ya mkato, kuna kompyuta zimepangwa hivyo. Ukitaka faini za mtu mmoja tu, andika jina lake J2, kisha:

=SUMIFS($D$2:$D$400,$B$2:$B$400,J2,$C$2:$C$400,"Faini")

Hapa safu ya kiasi inatangulia, tofauti na SUMIF. Wengi wanakwama hapo.

Wenzangu mnaoshika pesa za watu, uaminifu wako unaujua wewe na Mungu wako. Kikao kinataka namba, tena kinaitaka sasa hivi. Wahazini wangapi wamepakwa matope kwa sababu ya kuchelewa kujibu tu? Jifunzeni jamani, mnaogopa nini?

Na andikeni kwa usafi. "FAINI" na "faini" Excel inaziona kitu kimoja, lakini "fain" au "Faini " yenye nafasi mwishoni haihesabiwi pamoja nazo, na hutaonywa. Kwa hiyo jumlisha safu G, ulinganishe na =COUNTA(C2:C400). Zikitofautiana, kuna mstari umeandikwa vibaya, au kuna aina uliyoisahau pale F. Kwenye Google Sheets au Excel ya 2021 kuendelea, andika =UNIQUE(C2:C400) kwenye seli yenye nafasi tupu chini yake: kila namna ulivyoandika itajipanga, na makosa utayaona. Yenye nafasi mwishoni utaijua kwa sababu "Faini" itatokea mara mbili.

Ukikwama, dada, nitumie picha ya shiti. Majina ya wanachama yafiche kwanza.