Menendez si katili wa kuzaliwa

Unauliza kwa nini wengi tunamhurumia Raul Menendez, adui mkuu katika gemu ya video Call of Duty: Black Ops II (2012), ilhali ni muuaji. Rudia ile misheni ya Nicaragua, 1986, ambapo gemu inakupa umchezeshe yeye mwenyewe. Unakata askari kwa panga ukimtafuta dada yake, Josefina, aliyekwisha ungua utotoni katika moto uliowashwa na mfanyabiashara wa Kimarekani kwa tamaa ya bima. Halafu bomu la mkono la Woods, jasusi wa CIA anayemwinda Menendez, linammaliza binti wa watu. Hasira hiyo naielewa kabisa. Ila kumfunika Mason, jasusi mwenzake Woods, gunia kichwani kule Panama ili Woods ampige risasi rafiki yake bila kujua? Aa, hapo simtetei, ni roho mbaya tu.