Maswali ya Wasomaji: Dentini, Tishu Hai Chini ya Enameli

SWALI: Daktari wa meno amenieleza kwamba enameli ya jino langu, yaani tabaka gumu la nje, imelika karibu na ufizi na kwamba dentini sasa iko wazi. Jino halijatoboka, lakini likiguswa na maji baridi napata maumivu makali. Dentini ni kitu gani, na hutengenezwa vipi?

JIBU: Dentini ndiyo sehemu kubwa ya jino. Hufunikwa na enameli kwenye taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, na sementi, tishu ngumu inayofanana na mfupa, kwenye mzizi, nayo hukizunguka kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Kwa uzito, takriban asilimia 70 yake ni madini, asilimia 20 ni nyuzi za kolajeni pamoja na protini nyingine, na kiasi kilichobaki ni maji. Kwa sababu ya kolajeni hiyo, dentini hunyumbuka kidogo na kuibeba enameli, ambayo ni ngumu zaidi lakini huvunjika kwa urahisi ikikosa egemeo. (Pembe za ndovu, ambazo kwa hakika ni meno ingawa Kiswahili huziita pembe, ni dentini karibu zote.)

Wajenzi wake ni seli ziitwazo odontoblasti. Jino linapoumbika ndani ya taya, seli hizo hujipanga safu moja na kutoa kwanza tabaka laini la kolajeni, yaani predentini, ambalo baadaye hupokea madini na kuwa gumu. Huongeza takriban mikromita 4 (sehemu nne za elfu za milimita) kwa siku huku zikirudi nyuma kuelekea kiini, na kila seli huacha mkia mwembamba katika njia iliyopita. Dentini hujengeka kuuzunguka mkia huo, na ndiyo asili ya mirija midogo mno inayotoka kwenye kiini hadi karibu na enameli. Karibu na kiini, eneo la milimita moja ya mraba huwa na makumi ya maelfu ya mirija hiyo.

Hapo ndipo maumivu yako yanapoanzia. Mirija imejaa umajimaji, na baridi inapogusa ncha zilizo wazi, umajimaji huo husogea ghafla na kuzichochea neva zilizo upande wa ndani. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, nayo yanaonyesha kwa nini jino huuma bila kutoboka. Baadhi ya dawa za mswaki kwa meno yanayouma kwa baridi huziba mirija, nyingine hutuliza neva.

Seli zilizotengeneza enameli hutoweka jino linapoota, ndiyo maana iliyolika hairudi. Odontoblasti, kinyume chake, huishi pamoja na jino: huendelea kuongeza dentini polepole, hata kiini hupungua upana kadiri umri unavyosonga, na jino likisagika au kuanza kuoza hujenga dentini ya ziada upande wa ndani, mkabala na mahali palipoathirika. Uozo unaokwenda kwa kasi, hata hivyo, huwatangulia wajenzi hao na kukifikia kiini kabla ukuta haujakamilika.