Kiyeyusho kikipungua kisimani, usishangilie bado

Eneo lililonifunza kazi hii ya kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuliwa lilikuwa New Jersey, Marekani, nyuma ya duka la zamani la draikilina. Perkloroethilini, kiyeyusho chenye klorini cha kufulia nguo bila maji, ilikuwa imevuja pale miaka na miaka. Haielei kama petroli. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama, hujipenyeza kwenye mfinyanzi, kisha hutoka kidogo kidogo. Ukitegemea pampu peke yake, utavuta maji hadi ustaafu.

Sisi tuliingiza ardhini mafuta ya soya yaliyokorogwa na maji mpaka yakawa kama maziwa. Bakteria wa kawaida huyala, humaliza oksijeni na kuzalisha haidrojeni. Haidrojeni hiyo ndiyo chakula cha Dehalococcoides, kijidudu kinachong'oa klorini moja baada ya nyingine.

Baada ya miezi minane perkloroethilini ilikuwa imekaribia kwisha. Nikampigia simu mwenye eneo, nikamwambia tunamaliza. Nilikosea, na bado linaniuma. Majibu yaliyofuata yalionyesha vinili kloridi imepanda. Hiyo ndiyo hubaki perkloroethilini inapong'olewa klorini zote isipokuwa moja, nayo husababisha saratani ya ini. Kwa maji ya kunywa, Marekani inaruhusu mikrogramu 5 za perkloroethilini kwa lita, lakini 2 tu za vinili kloridi. Tulikuwa tumetengeneza sumu kali zaidi, na jirani mmoja alikuwa na kisima.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kuingiza chochote, peleka maji yapimwe vinasaba. Usiulize tu kama Dehalococcoides wapo. Uliza kama wana jeni ya vcrA, inayovunja vinili kloridi. Wetu walikuwapo, jeni hiyo hawakuwa nayo. Angalia pia pH, kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka chini ya 6, wanazembea.

Na uchukue sampuli kwa utulivu. Jaza kichupa cha mililita 40 hadi mdomoni, funga, kigeuze kichwa chini, kigonge kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa, mwaga uanze upya, maana vinili kloridi ni gesi na itakimbilia humo.

Hatimaye tulileta bakteria wenye jeni hiyo ndani ya pipa la chuma, tukawasukuma kisimani kwa gesi ya naitrojeni wasiguswe na oksijeni, maana huwaua. Mwaka uliofuata maabara ilituandikia ethilini, ile isiyo na klorini hata moja. Safari hii sikupiga simu. Nilisubiri robo mbili zaidi za mwaka, vinili kloridi ikishuka katika zote mbili.