Muulize Afisa Mikopo: Gunia la kawaida au lumbesa?

Mwezi huu wanaotafuta kazi ya mikopo wameniandikia wengi kuliko wanaotafuta mikopo yenyewe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengine kama sita hivi wameuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Zilizobaki nimezipitia kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Shikamoo mama. Nina stashahada ya uhasibu, naishi Uyole. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa mikopo katika taasisi moja hapa Mbeya mjini. Rafiki zangu wanasema kazi yenyewe ni kujaza fomu na kukimbizana na wadaiwa. Naomba unieleze ikoje, na wataniuliza nini?
*Kijana wa Uyole*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuitwa. Fomu utajaza na wadaiwa utawakimbiza, hapo rafiki zako hawajakudanganya. Ila kazi yenyewe ni kuongea na mtu mpaka ujue pesa yake inaingia lini, inatoka lini, na inayobaki ni kiasi gani. Uhasibu utakusaidia kujumlisha. Kumfanya mama wa sokoni akwambie ukweli ni elimu nyingine.

Chukua soko la Soweto, wanaposhusha viazi vya Uporoto. Mama anakuja ofisini anataka milioni mbili aongeze mtaji. Kwenye fomu kuna mahali pameandikwa "mauzo kwa wiki". Ukimuuliza moja kwa moja, "Mama, unauza shilingi ngapi kwa wiki?", atakupa namba nzuri ya mviringo aliyoipanga akiwa kwenye bajaji, kwa sababu shoga yake aliyekopa mwaka jana alimwambia, "Wewe waambie kubwa, watakupunguzia wenyewe." Wala usimwite mwongo. Watu wengi wa sokoni hawahesabu kwa wiki, wanahesabu kwa mzigo.

Kwa hiyo weka kalamu chini. Viazi unavitoa wapi, mama? Isyonje. Umeshusha lini mara ya mwisho? Jumanne. Gunia ngapi? Kumi na mbili. Zimeisha? Zimebaki mbili. Hapo tayari unajua kasi ya biashara yake na hajahisi kama yuko polisi. Sasa ndipo uulize lile ambalo hakuna fomu niliyowahi kuiona inaliuliza: gunia la kawaida au lumbesa?

Wewe ni mtoto wa huku, unakijua kile kichwa cha lumbesa kinachoshonewa kwa kamba juu ya gunia. Sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila mwaka, lakini lumbesa bado zinatembea barabarani. Mama yako huyu ananunua lumbesa kwa mkulima, anauza kwa sado kwa mama ntilie. Faida yake yote inaweza kuwa imekaa kwenye kile kichwa. Siku wenye vipimo wakibana njiani, kichwa kinakatwa na faida inakatwa nacho, ila rejesho lako halipungui hata shilingi. Hilo lazima ulijue kabla hujaandika kiasi.

Tuendelee na hesabu. Tuseme kila gunia linamwachia sh. 9,000 baada ya kutoa gari, ushuru, wapagazi na viazi vilivyooza. (Vilivyooza uulize kwa jina lake. Wakati wa masika kiazi kikilowa njiani hakimalizi siku nne, na hakuna mfanyabiashara atakayekutajia hasara kama hujamuuliza.) Gunia 12 kwa wiki ni sh. 108,000. Nyumbani, kwa chakula, nauli za watoto na kikoba, zinakwenda kama sh. 50,000. Zinabaki sh. 58,000 kwa wiki, yaani sh. 232,000 kwa mwezi.

Milioni mbili kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi ya flati (inayopigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho), rejesho lake la mwezi ni sh. 226,667. Toa kwenye 232,000. Mama anabakiwa na sh. 5,333 za kuugua, za msiba na za kila kitu kingine. Huyo umemvunja kabla hajaanza. Mpe milioni moja. Rejesho linakuwa sh. 113,333 na anapumua. Atanuna. Atakwambia ng'ambo ya barabara wanatoa milioni mbili bila maswali. Atakwambia pia kwamba mtaji ukiongezeka na gunia zitaongezeka, na hilo ni la kweli nusu, kwa hiyo muulize gunia la kumi na tatu atamuuzia nani, maana meza yake ina upana uleule na mama ntilie wake ni walewale. Akiwa na jibu, kama vile ameshaongea na shule ya bweni inayotaka viazi kila Jumatatu, nenda ukaongee na hiyo shule. Akiwa hana, shikilia milioni yako moja.

Kitu kingine ni madeni mengine. Ya benki na ya taasisi kubwa utayaona kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji. Ya kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, na ya kikoba hutayaona humo. Hayo unayapata kwa macho: simu inaita mara tatu mkiongea na kila mara anaigeuza kifudifudi mezani, daftari la mauzo lina ukurasa wa nyuma wenye majina na tarehe, na akiufikia anaufunika kwa kiganja. Usimnyang'anye daftari. Muulize tu kwa upole, "Na huyu wa Ijumaa ni nani?" Mara nyingi mtu anashusha pumzi na kueleza yote, kwa sababu hajawahi kuulizwa na mtu asiyemdai.

Sasa usaili wako. Watakuuliza tofauti ya riba ya flati na riba inayopungua, na usijibu kwa maneno matupu, wapigie hesabu palepale. Ile milioni mbili kwa asilimia 3 ya flati inazaa riba ya sh. 720,000 kwa mwaka, kwa sababu mpaka mwezi wa mwisho mteja anatozwa kana kwamba bado ana milioni mbili zote mkononi. Kwa asilimia 3 hiyohiyo inayopungua, yaani inayotozwa kwenye deni lililobaki tu, rejesho ni kama sh. 200,900 na riba yote haifiki sh. 412,000. Ofisi zote mbili zinabandika "asilimia 3" mlangoni. Kwangu mimi, afisa anayemwambia mteja "ni asilimia 3 tu, mama" bila kumtajia jumla atakayolipa anafanya uchuuzi, na ofisi nyingi zinawapandisha vyeo watu wa aina hiyo.

Watagusia pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Yajue madaraja yake manne: la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana, la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu ni SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo), la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba. Kwa daraja la pili Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Na kuna swali moja la mtego wanalipenda sana: mteja ana dhamana nzuri ila biashara imelala, utampa? Sema hapana. Rejesho linatoka kwenye biashara. Ukishaanza kupigia hesabu friji na makochi ya mtu, jua umeshamkopesha vibaya.

Dada habari za kazi. Mimi ni afisa mikopo Makambako. Mteja akichelewa, meneja anatuambia tulipie rejesho mfukoni mwetu ili ripoti ya mwezi ionekane safi, halafu mteja akilipa tunajirudishia. Mwezi uliopita nimekatwa kabisa kwenye mshahara kwa ajili ya mteja aliyehamia Tunduma. Je, ni halali?
*Nimechoka, Makambako*

Pole mdogo wangu. Nianze na makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujisikia. Akidai umemsababishia hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe. Akuandikie chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kujitetea. Na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wako. Mteja kuhama mji, kama ulifuata taratibu na kamati ya mikopo ikapitisha, silioni kosa lako hapo. Andika barua ukiomba maelezo ya makato kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Wakikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wana ofisi mikoani. Usisubiri hasira zipoe, maana mgogoro wa aina hii unatakiwa ufunguliwe ndani ya siku 60. Na kagua mkataba wako: wako waajiri wanaochomeka karatasi ya "nakubali kukatwa" katikati ya makaratasi ya kuanzia kazi.

Hili la kulipia mfukoni acha leo. Ukimlipia mteja, ripoti inasema yuko safi, kwa hiyo mwezi ujao meneja anamuongezea mkopo mtu ambaye wewe peke yako unajua hawezi kulipa. Na siku akishindwa moja kwa moja, huna karatasi ya kuonyesha kwamba pesa ile ilikuwa yako. Ikirudi kesi, maswali yatakuangukia wewe: kwa nini afisa anapitisha pesa zake kwenye akaunti ya mteja?

Swali langu kwako: hao wanaochelewa ni wakina nani? Ulipo wewe, nusu ya "wafanyabiashara" ni wakulima waliofungua kibanda. Mahindi yao yanakauka shambani Juni na Julai. Ukimpangia rejesho la kila mwezi kuanzia Januari, wakati ndiyo kwanza anatafuta pesa ya palizi na mbolea, atachelewa tu, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Usangu vilevile, mpunga haulipi Februari. Mpelekee meneja orodha ya waliochelewa, mbele ya kila jina uandike anachovuna na mwezi anaovuna, uombe ratiba ya marejesho ya msimu. Meneja mwenye akili ataisoma. Asiyeisoma, angalau umeshajua unafanya kazi na nani.

Mimi nauza vitenge Mwanjelwa. Afisa mikopo alikuja dukani, akaenda mpaka mtaani kuwauliza majirani kama nakaa pale. Halafu anataka mume wangu asaini, wakati nyumba nimejenga kwa pesa yangu na hati ina jina langu. Huu si udhalilishaji?
*Mama wa vitenge*

Kusaini kwa mume si dharau kwako, dada yangu, ni sheria. Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hati iwe na jina la nani. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo imeirudia kwenye rehani. Ni sheria hiyohiyo inayomzuia mumeo kuamka asubuhi moja akaiweka nyumba benki wewe ukiwa sokoni. Nimewaona wanaume wengi wakiikasirikia kuliko wewe.

Majirani, ndiyo, tunawauliza. Unapoishi na muda uliokaa ni halali kabisa kuuliza. Ila afisa hana ruhusa ya kuwatajia kiasi unachoomba, wala kusema "huyu anakopa kwetu." Kama alisema hivyo, nenda kwa meneja wake ukalalamike kwa maandishi. Na kama hutaki nyumba iingie kabisa kwenye mazungumzo, uliza kama mzigo wa vitenge unatosha kuwa dhamana. Kwa mikopo midogo mara nyingi unatosha.

Afisa ameniambia mkopo umepita ila "nimfikirie" laki moja kabla haujaingia. Nifanyeje?
*Msomaji wa Ipogolo, Iringa*

Usimpe. Ada halali ya mkopo imeandikwa kwenye mkataba na ina risiti. Hiyo ya kufikiriana ni rushwa. TAKUKURU simu yao ni 113, haina gharama. Ukiogopa kwamba mkopo utakwama, nenda kaulize kwa meneja wa tawi mkopo wako umefikia wapi, bila kutaja laki. Mara nyingi utakuta umeshapitishwa siku kadhaa zilizopita na jamaa anakuuzia kilicho chako.

Mama, nimepata kazi ya mikopo Tukuyu lakini wanataka anayejua pikipiki. Mimi ni msichana, sijawahi kuendesha. Niache?
*Binti wa Kiwira*

Usiache. Omba muda wa kujifunza na kukata leseni kabla ya kuanza kutembelea wateja. Wengi wanakubali, kwani kumtangazia nafasi mtu mwingine ni kazi zaidi. Jifunzie kwenye barabara ya vumbi, maana vikundi vyako vitakuwa huko ndani kwenye migomba na chai, lami hutaikuta. Mvua ya Rungwe unaijua: nunua koti la mvua la suruali na shati, lile la kanzu linanasa kwenye tairi. Fomu za wateja zifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla hujaziweka kwenye begi. Na vikao vya vikundi vipange asubuhi. Mchana huko ni wa mvua.